Mto Ruvu Unapopungua, Bili Inamwendea Nani?

Mwishoni mwa Oktoba 2022 jiji la Dar es Salaam liliingia kwenye mgao wa maji. Mto Ruvu, unaobeba sehemu kubwa ya maji ya jiji, ulikuwa umeshuka mno. Uzalishaji ambao kwa kawaida hufika lita milioni 520 kwa siku ulianguka hadi lita milioni 300 hivi. Kwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga, madumu yalikuwa yameshapanga foleni saa kumi alfajiri, kila moja limefungwa kitambaa cha rangi yake ili mwenyewe alijue. Kijana wa mkokoteni alipofika, dumu la lita 20 lilikuwa shilingi 500. Mama mmoja anayekaanga maandazi pale getini alinunua matatu, akasimama, akahesabu chenji mkononi, kisha akaongeza la nne.

Tupige hesabu yake. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50. Kwa shilingi 500 kila dumu, mama yule alikuwa ananunua maji kwa shilingi 25,000 kwa uniti, wakati uniti hiyo hiyo ikitoka bombani haifiki shilingi 3,000. Alikuwa analipia ukame kwa bei ya zaidi ya mara nane ya yule aliyekuwa na simtanki lililojaa wiki iliyotangulia. Hakuna aliyempa risiti, na malipo yake hayakuingia kwenye kitabu chochote cha gharama za mabadiliko ya tabianchi.

Nimeanza na dumu hilo kwa sababu mjadala wa nani alipie gharama za kuhimili mabadiliko ya tabianchi kwenye maji huendeshwa kama vile bili bado iko njiani, na tumekaa mezani kugawana kitakachokuja. Bili ilishafika zamani. Kuna watu wanailipa kila siku, kwa fedha, kwa jasho, kwa ardhi na kwa msimu wa mavuno uliopotea. Kugawana kwa haki lazima kuanze kwa kuwaandika hao kwenye orodha.

Mto mmoja, watu wengi

Ruvu huzaliwa kwenye Milima ya Uluguru, Morogoro. Mgeta, Mvuha na Mfizigo hushuka kutoka kwenye misitu yenye ukungu, zikaungana, zikapokea Ngerengere inayotoka upande wa mji wa Morogoro, kisha mto ukakata Mkoa wa Pwani hadi baharini karibu na Bagamoyo. Juu kabisa wako Waluguru na mashamba yao ya mboga, migomba na mahindi kwenye miteremko mikali. Katikati wako wafugaji, wakulima wa mpunga na mashamba ya umwagiliaji. Chini ndipo ilipo mitambo miwili inayolisha jiji: Ruvu Juu ya Mlandizi, yenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini ya Bagamoyo, yenye lita milioni 270. Baada ya hapo kuna mikoko, kambamiti na wavuvi wa mdomo wa mto, ambao hawana mita wala bomba na ambao chumvi ya bahari huwafuata mto unapokosa nguvu ya kuisukuma irudi.

Joto linapoongezeka, shida ya mto haiwi lazima upungufu wa mvua kwa mwaka. Mvua iliyozoea kunyesha kwa wiki tatu ikimwagika kwa siku nne, kipimo cha mwaka kinaweza kusoma vilevile, lakini udongo haupati muda wa kunywa. Maji hutiririka juu juu, yakachukua udongo, yakafika baharini kwa kasi yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mto wa kiangazi huishi kwa yale maji yaliyozama polepole na kutoka tena kwenye chemchemi miezi kadhaa baadaye. Yasipozama, Agosti na Septemba hazina akiba.

Je, ni tabianchi au ni sisi?

Hapa ndipo fundo la kwanza lilipo, nalo ni gumu kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi kwa miaka kumi, kwenye mto uleule. Ongeza misitu iliyofyekwa kwa mashamba na mkaa, ongeza mabomba yanayovuja chini ya barabara. Mto unapokauka, sehemu gani ya upungufu ni ya gesi zilizotoka viwandani nchi za mbali, na sehemu gani ni ya kwetu?

Swali hilo lina fedha ndani yake. Mifuko ya kimataifa ya tabianchi hutaka kulipia ile nyongeza tu ambayo mabadiliko ya tabianchi yameileta. Ukipeleka andiko la bwawa au bomba, utaulizwa: huu si mradi wa kawaida wa maji ambao mngeujenga hata kama hali ya hewa isingebadilika? Wakiona ni wa kawaida, unaambiwa ukakope.

Naielewa hoja ya wahasibu. Ila mto haubebi maji ya aina mbili. Mji ambao haukuwahi kuwa na akiba ya kutosha ndio unaoumizwa zaidi na ukame, kwa hiyo kumwambia mtu athibitishe kwanza kuwa umaskini wake hauhusiki ni kumtoza faini kwa kuwa maskini. Kwa maoni yangu, pale ambapo ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi upo na uwezo wa kulipa haupo, mzigo wa kuchambua senti kwa senti usiwekwe kwa anayeomba.

Fedha za nje: msaada au deni

Tangu mkataba wa mwaka 1992 wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, dunia imekubaliana kwamba wajibu ni wa wote lakini viwango vyake vinatofautiana. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya gesijoto za dunia. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za shirika lao wenyewe la OECD, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa yake ilikuwa mikopo. Kwenye mkutano wa Baku, 2024, ahadi ikapandishwa hadi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035.

Neno la kulitazama kwa makini hapo ni mkopo. Mitambo ya Ruvu inatupa mfano wa karibu. Upanuzi wa Ruvu Chini ulipata msaada wa Marekani kupitia MCC, shirika la serikali yao la misaada ya maendeleo; msaada huo haurudishwi. Upanuzi wa Ruvu Juu ulifanywa kwa mkopo wa India, ambao unarudishwa. Maji yanayotoka kwenye mitambo yote miwili yana ladha moja, lakini upande mmoja kuna rejesho la kulipwa kwa miaka, na rejesho hilo hatimaye hutoka kwenye kodi au kwenye bili. Mkopo unapoitwa fedha za tabianchi, anayeumizwa na ukame ndiye anayelipia dawa yake, pamoja na riba.

Kuna mfano wenye mizania nzuri zaidi, huko Simiyu. Mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kwenda Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu uliidhinishwa mwaka 2017 na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, unaochangiwa hasa na nchi tajiri. Gharama ni takriban euro milioni 171. Zaidi ya milioni 100 zinatoka kwenye mfuko huo, kama milioni 26 Ujerumani kupitia benki ya KfW, kama milioni 40 Serikali ya Tanzania, na kama milioni 1.5 wananchi wenyewe. Ukitazama mgawanyo huo, aliyechafua sana amebeba kingi, mwenye nchi amebeba chake, na mkulima amechangia kidogo cha kumfanya awe na sauti. Mimi naona uwiano wa namna hiyo unakaribia haki, ingawa ile milioni 1.5 ya wananchi ni nzito kwa mtu wa Meatu kuliko inavyoonekana kwenye jedwali.

Mlimani

Sasa tupande Uluguru, maana huko kuna historia ambayo watu wengi wa mjini hawaijui.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao ili kuzuia mmomonyoko na kulinda mito. Kwenye karatasi wazo lilikuwa na mantiki. Lakini kazi ilikuwa ya shuruti, haikuwa na malipo, na kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, hivyo shamba lililolimwa kwa jasho zaidi likatoa mazao pungufu. Mwaka 1955 watu waliinuka Matombo. Mtu mmoja aliuawa, na mpango wenyewe ukafa.

Mara nyingi kisa hicho husimuliwa kama sehemu ya harakati za uhuru, na ni kweli. Mimi nakisoma pia kama kisa cha gharama. Faida ya mto safi ilikuwa ya walio bondeni, gharama ilikuwa ya walio mlimani, na hakukuwa na chochote cha kuziunganisha isipokuwa polisi.

Nusu karne baadaye, kuanzia 2006, njia nyingine ilijaribiwa milima hiyohiyo, Kibungo Juu. Mashirika ya CARE na WWF yaliwaunganisha wakulima na wanunuzi wa maji wa chini, wakiwemo mamlaka ya maji ya jiji na kiwanda cha vinywaji baridi. Mkulima aliyechimba matuta ya ngazi au fanya juu (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu), aliyepanda miti au kuacha ukingo wa kijito upumzike, alilipwa. Jasho lilelile, safari hii na ujira.

Mradi ule ulionyesha jambo ambalo kila anayepanga fedha za vyanzo vya maji angepaswa kulibandika ukutani. Tuta linakula kipande cha shamba siku ya kwanza, na misimu ya mwanzo mavuno yanaweza kushuka, lakini faida kwa mkulima huja baada ya miaka. Malipo yakigawanywa sawasawa kila mwaka, yanamkuta mtu akiwa ameshauza mbuzi. Yanatakiwa yawe mazito mwanzoni.

Na kuna suala la ardhi. Uluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo huhesabiwa upande wa mama. Analima mtu ambaye mara nyingi amepewa au amekodi kipande tu. Kupanda mti wa kudumu kwenye ardhi ya namna hiyo ni kama kudai umiliki, na wenye ukoo wanaweza kukataa. Kwa hiyo ukisema utalipa kwa kila mti, umemfungia nje mpangaji wa shamba, ambaye pengine ndiye maskini kuliko wote mlimani. Mtu wa ofisini anaweza kuandika fomu nzuri yenye nafasi ya “jina la mmiliki” asijue kwamba kwa kisanduku hicho kimoja ameshaamua nani apate na nani akose.

Kenya wamejaribu mambo ya jamaa moja na haya. Kwenye bonde la Naivasha, tangu 2010, watumiaji wa maji ya ziwa, wakiwemo wakulima wa maua, wamekuwa wakiwapa wakulima wa juu vocha za pembejeo ili watunze udongo. Mwaka 2015 ukazinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu, maana Nairobi hupata takriban asilimia 95 ya maji yake kutoka bonde hilo. Makadirio ya mfuko yalisema dola milioni 10 zikiwekezwa mlimani zingerudisha faida ya dola milioni 21.5 kwa miaka 30, kwa sababu tope likipungua, kusafisha maji na kuendesha mitambo ya umeme kunakuwa rahisi. Kumlipa mkulima, ukiitazama hivyo, ni matengenezo ya mtambo yanayofanyika kilomita nyingi kabla maji hayajafika mtamboni.

Mita moja, vyumba kumi

Tukirudi mjini, watu wengi husema dawa ni rahisi: anayetumia kidogo alipe bei ndogo, anayetumia sana alipe bei kubwa. Bei ipande kwa ngazi. Inapendeza masikioni.

Nenda Manzese au Mbagala uitazame nyumba ya kupanga. Vyumba kumi, kila chumba familia, uani kuna bomba moja lenye mita moja. Familia moja inatumia madumu matano kwa siku, lita 100. Kumi kwa pamoja ni lita 1,000 kwa siku, uniti 30 kwa mwezi. Mita haijui kuna familia kumi. Inaona mteja mmoja anayetumia maji mengi, na ngazi ya juu ya bei inamwangukia. Kule kwenye majumba ya watu wanne yenye bustani, uniti 30 hizohizo zinamwagilia majani. Bei ileile imewatoza watu wa aina mbili tofauti kabisa, na ukiigawa kwa kichwa, mwenye bustani amenufaika zaidi na ruzuku.

Suluhisho lipo, nalo ni kazi ya miguu: kuhesabu kaya zilizo nyuma ya kila mita na kuzidisha kiwango cha bei nafuu kwa idadi hiyo. Magati ya mtaani, yaani vituo vya kuuzia maji, nayo yauze dumu kwa bei inayolingana na ya bomba, huku ujira wa muuzaji ukifidiwa kwingine. Haya ni mambo madogo ya kiofisi, lakini ndiyo yanayoamua kama mama wa maandazi analipa mara moja au mara nane.

Wenye uwezo nao wana njia ya kutokea: wanachimba visima. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali na ada kwa uchotaji mkubwa, lakini kila tajiri anayejitoa kwenye bomba anapunguza chungu cha pamoja, na wanaobaki ndio wanaobeba gharama za mtambo. Visima vya karibu na pwani vikivutwa mno, chumvi ya bahari huingia, na haimchagui mwenye kisima.

Nani afunge kwanza

Wakati wa mgao ule wa 2022, viongozi waliagiza wanaochepusha maji huko juu waondolewe. Wapo wanaochota bila kibali, na kwao sheria iko wazi. Sheria hiyo pia inaweka mpangilio: matumizi ya nyumbani kwanza, kisha mahitaji ya mazingira ya mto, kisha kilimo, viwanda na mengine. Sina ugomvi na mpangilio huo. Mtu anywe kwanza.

Lakini fikiria mkulima mwenye kibali halali ambaye Oktoba ana nyanya zinazoanza kutoa maua. Akifunga banio lake, yaani lango la kuingizia maji shambani, ili Dar ipate maji, amepoteza msimu. Amelipia maji ya jiji kwa shamba zima, kwa siku moja, na hakuna fungu la kumfidia. Mpangilio wa nani anapata maji kwanza haujajibu swali la nani anagharamia kutoa. Ningependa kuona makubaliano yaliyoandikwa kabla ya kiangazi: kina cha mto kikishuka hapa, mabanio haya yanafungwa, na wenye vibali wanalipwa kiasi hiki kutoka kwenye mfuko uliochangiwa na bili za jiji. Kila mteja wa Dar akiona kwenye bili yake mstari mmoja ulioandikwa “Uluguru na bonde la Ruvu”, hata kama ni shilingi chache, atajua maji yake yanatoka kwa watu.

Novemba 2022, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ulisainiwa mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda, Morogoro. Gharama ni takriban shilingi bilioni 329, ujazo lita bilioni 190, na fedha ni za serikali yenyewe. Maana yake, mlipa kodi wa Kibondo na wa Tandahimba naye anajenga akiba ya maji ya Dar es Salaam. Ndivyo ulivyo pia Mfuko wa Taifa wa Maji, unaopata shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli: bodaboda na mashine ya kusaga ya kijijini zote zinachangia. Nakubali kiasi. Jiji linalisha hazina ya nchi nzima, na nchi nzima inaweza kulisaidia linapokauka. Ninachokataa ni kwamba mtu wa Kibondo achangie tanki la jiji ilhali mwenye bwawa la kuogelea Masaki analipa maji kwa bei ya kawaida.

Na bwawa lina watu wake wa kulilipia: waliohamishwa, wafugaji ambao malisho yao ya kiangazi yanabadilika, na wale wa Bagamoyo wanaotegemea maji yafike baharini. Bwawa likijaa, kila kiangazi mtu atakaa na kuamua mageti yafunguliwe kiasi gani, kwa ajili ya nani. Kanuni za kufungulia maji huandikwa mapema, kwenye vikao vyenye meza ndefu na vitini vingi. Jumuiya za watumia maji za Mgeta na Mvuha, wavuvi wa mdomo wa Ruvu na wauza maji wa Mbagala wanastahili kiti kwenye vikao hivyo, pamoja na nauli ya kufika.